Mkojo Ukigoma Siku ya Kipimo: Kwa Madereva wa Malori Marekani

Tangu tarehe 18 Novemba 2024, dereva wa lori hapa Marekani aliyeandikwa kwenye kanzidata ya shirikisho ya vipimo vya dawa za kulevya na pombe kuwa haruhusiwi kuendesha huondolewa na jimbo lake haki ya CDL, yaani leseni ya kuendesha magari makubwa ya kibiashara. Kabla ya hapo wengine walibaki na leseni yao mfukoni. Sasa haibaki. Kwa sababu hiyo maswali yameongezeka katika kitengo chetu cha afya ya kazini, na wanaonihuzunisha zaidi ni madereva wasiogusa dawa za kulevya kabisa, ila wakipewa kikopo cha sampuli, mkojo hautoki.

Hali hii kitaalamu inaitwa paruresisi, na wengi huiita kibofu chenye haya. Jina hilo lilitolewa na watafiti wawili mwaka 1954, baada ya kuwauliza wanafunzi 1,419 wa chuo. Asilimia 14.4 walisema imewahi kuwapata. Kibofu kimejaa, figo ni nzima, lakini mtu akihisi kuna anayemsikia au kumsubiri, hofu hubana misuli ya mlango wa kibofu, na misuli hiyo haisikii amri. Kusukuma kwa nguvu huzidisha kubana.

Wengi wetu tumelelewa kujisitiri tunapokwenda haja, na vyoo vya huku vyenye milango iliyo wazi chini vinatukera. Hiyo si paruresisi. Paruresisi ni pale mtu anapoacha kunywa maji safari nzima, au anapopita vituo vyote mpaka apate choo kisicho na mtu.

Sasa utaratibu, na naomba usomwe pole pole. Kipimo cha Idara ya Uchukuzi kinataka mililita 45 kwa mkupuo mmoja. Ukitoa pungufu, sampuli hiyo hutupwa. Haichanganywi na ya baadaye. Kuanzia hapo saa inahesabiwa: una muda usiozidi saa tatu, na unaweza kunywa hadi aunsi 40 za maji, yaani kama lita 1.2, kidogo kidogo. Kukataa kunywa si kosa. Kuondoka kabla ya zoezi kwisha ni kosa, nalo huandikwa kuwa umekataa kupimwa, hata kama umetoka kwenda kumchukua mtoto shule.

Saa tatu zikiisha bila sampuli ya kutosha, mwajiri, akishauriana na daktari anayepitia matokeo, anakuelekeza ukachunguzwe na daktari mwenye ujuzi wa tatizo hilo ndani ya siku tano. Hapo ndipo wengi wanapoangukia. Kanuni inakubali sababu ya kimaumbile inayothibitika, au tatizo la kisaikolojia lililokuwepo tangu kabla na lenye kumbukumbu za kitabibu. Haikubali maneno matupu kwamba "nilipata wasiwasi". Kila mara naletewa barua ya daktari iliyoombwa siku moja baada ya kipimo, na kila mara narudia jambo lile lile: kumbukumbu inatakiwa iwepo KABLA. Sababu isipokubaliwa, umekataa kupimwa, na adhabu yake ni sawa na ya aliyekutwa na dawa.

Adhabu yenyewe ni nzito kwa mwenye tatizo hili kuliko kwa mwingine yeyote. Kurudi kazini kunahitaji tathmini ya mtaalamu wa uraibu, kisha kipimo cha kurudi kazini, kisha vipimo vya kushtukiza visivyopungua sita katika miezi 12 ya kwanza. Vyote hivyo hufanyika chini ya macho ya msimamizi wa jinsia yako, anayetazama mkojo ukitoka mwilini hadi kikoponi.

Wapo wanaosema, "Nitaomba kipimo cha mate." Kanuni ya mwaka 2023 imekiruhusu, lakini kwa masharti: lazima kwanza maabara zisizopungua mbili ziidhinishwe na wizara ya afya ya shirikisho, na anayechagua aina ya kipimo ni mwajiri. Si wewe. Tafadhali msisambaziane habari tofauti na hiyo.

Ninachowaomba ni kushughulikia tatizo mapema, maana lina tiba. Shirika la International Paruresis Association, lililoanza mwaka 1996, huendesha warsha za mwisho wa juma, na Uingereza kuna UK Paruresis Trust. Washiriki hunywa maji mpaka kibofu kijae, kisha hufanya mazoezi wawili wawili. Mwenzako anasimama mbali, pengine nje ya chumba, kwa umbali ambao wewe unaweza kukojoa. Unakojoa sekunde chache, unakata, unatoka. Mkirudi, yeye anasogea kidogo. Mkojo ukigoma, anarudi nyuma, na hakuna anayekulaumu. Mazoezi huanzia hotelini, kisha huhamia vyoo vya maduka makubwa vyenye watu na kelele.

Warsha hizo hufundisha pia kuzuia pumzi: unatoa kama robo tatu ya pumzi, unazuia, na baada ya sekunde 45 hivi misuli ya chini ya nyonga huweza kulegea yenyewe. Jaribu nyumbani kwanza, na mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu, au mjamzito, amuulize daktari kabla. Wikiendi moja haimalizi kazi. Mazoezi yanaendelea na mwenzi, ndugu au rafiki unayemwamini, mara kadhaa kwa juma.

Wanaume hasa hunijibu kwamba hawawezi kukaa mbele ya wageni na kuzungumzia mkojo. Naielewa aibu hiyo na siidharau. Lakini kila aliye ndani ya chumba hicho amefika kwa sababu ile ile, na kwa wengi ndiyo mara ya kwanza kulisema jambo hili kwa sauti.

Kabla ya hapo, panga miadi na daktari wako. Mweleze lini lilianza, vyoo gani vinakushinda, na kazi unayofanya, kisha omba yaandikwe kwenye faili lako pamoja na tarehe. Atakapokupeleka kwa mwanasaikolojia, nenda, na utunze nakala za kila ziara. Makala haya si ushauri wa kisheria. Ukishaandikiwa kwamba umekataa kupimwa, mtafute wakili anayejua kanuni za uchukuzi siku hiyo hiyo.