Je, wajua? Mbunge wako bado ana kiti kwenye baraza la madiwani

Muulize mkazi yeyote wa Moshi mbunge anafanyia kazi wapi, atakujibu Dodoma. Hajakosea, ila hilo ni nusu ya jibu. Kwa sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982, mbunge wa jimbo ni mjumbe wa baraza la madiwani la halmashauri yake. Ana kiti, ana sauti na ana kura, sawa na diwani wa Njoro au wa Pasua. Na hapo ndipo linapokuja swali: kama kiti anacho huku huku nyumbani, kwa nini wanasiasa wa mitaa wanapigana vikumbo kwenda bungeni?

Moshi Mjini ina mtu ambaye safari yake inalijibu swali hilo vizuri. Jafary Michael wa Chadema alikuwa meya wa Manispaa ya Moshi baada ya uchaguzi wa 2010. Wananchi hawakumpigia kura ya umeya, kwa sababu hapa Tanzania hakuna kura hiyo. Siku ya uchaguzi mkuu unakabidhiwa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Madiwani wakishaapishwa, wanakaa na kumchagua meya miongoni mwao. Kwa hiyo kila meya unayemjua alianza kwa kuomba kura kwenye kata moja tu, kati ya kata 21 za manispaa, akipita nyumba kwa nyumba na kukutana na watu wanaomfahamu hadi jina la mama yake.

Wakati huo mbunge wa Moshi Mjini alikuwa mzee Philemon Ndesamburo, aliyelishika jimbo tangu 2000. Mwaka 2015 mzee hakugombea tena. Meya akachukua fomu ya ubunge, akasimama na Davis Mosha wa CCM, akashinda. Akawa mbunge hadi 2020, jimbo lilipokwenda kwa Priscus Tarimo wa CCM.

Hesabu ya anayefanya uamuzi huo si ndogo. Anayekwenda kugombea ubunge anaiachia kata yake. Akishindwa, habaki na udiwani wala umeya. Anarudi mtaani mikono mitupu. Akishinda, anarudi ukumbini kwenye baraza lile lile, ila kiti cha mbele sasa kina meya mwingine aliyevaa joho na mkufu. Mbunge anakaa na wajumbe wenzake, ananyoosha mkono, anasubiri kuruhusiwa kusema na mtu ambaye pengine jana alikuwa chini yake.

Kura hiyo moja ya mbunge isidharauliwe. Majirani zetu wa Arusha wanaijua gharama yake. Baada ya uchaguzi wa 2010, vyama vilikabana sana kwenye baraza la Arusha, na ugomvi mkubwa ukawa ni juu ya mbunge mmoja wa viti maalumu aliyepatikana kupitia mkoa wa Tanga: je, ana haki ya kumpigia kura meya wa Arusha? Chadema walisema hana. Uchaguzi wa meya ukafanyika hivyo hivyo, na tarehe 5 Januari 2011 maandamano ya kuupinga yakakabiliwa na polisi. Watu wakapoteza maisha. Ninapomsikia mtu akisema siasa za madiwani ni mambo madogo, huwa nakumbuka siku ile.

Sasa turudi kwenye swali. Watu wengi wanajibu haraka: ni hela. Kuna ukweli. Diwani analipwa posho ya mwezi na posho za vikao, wakati mbunge ana mshahara na marupurupu yasiyolingana na hayo hata kidogo. Mbunge pia ndiye mwenyekiti wa kamati ya Mfuko wa Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009, kwa hiyo akiahidi mabati ya darasa ana mahali pa kuanzia. Lakini mimi naona sababu ya hela haitoshi. Kilichobadilika zaidi ni mahali maamuzi yanapofanyika.

Fikiria miaka ambayo Jafary Michael alikaa bungeni. Alipokuwa meya, barabara za mitaa zilikuwa mikononi mwa halmashauri. Mkazi wa Majengo akilalamikia mashimo, wa kulaumiwa alikuwa pale pale mjini. Mwaka 2017 ikaanzishwa TARURA, wakala wa Serikali wa barabara za vijijini na mijini, na barabara hizo zikatoka halmashauri. Mwaka mmoja kabla yake, kodi ya majengo ilikuwa imehamishiwa TRA, Mamlaka ya Mapato, na siku hizi tunakatwa kidogo kidogo tukinunua umeme wa LUKU. Kwa miji kama Moshi kodi ile haikuwa chenji, maana ilikuwa miongoni mwa vyanzo ambavyo baraza lingeweza kuvipangia kazi lenyewe. Meya aliyebaki nyumbani akajikuta na joho lile lile lakini mfuko umepungua. Mambo hayo yaliamuliwa ngazi ya taifa, si kwenye baraza la Moshi. Mwanasiasa wa mtaani anayeona hivyo, atabakia kufanya nini kwenye kata?

Hata hivyo haina maana kwamba baraza halina kazi. Usafi wa Moshi, ule unaofanya mgeni aogope kudondosha hata ganda la ndizi barabarani, umetokana na sheria ndogo za manispaa na faini zake. Waliozitunga ni madiwani, hakuna waziri aliyekuja kutufundisha. Masoko, ushuru, taka, viwanja vya michezo, zahanati, madawati: yote hayo yanapita mezani kwao. Baraza linapokutana, kila robo mwaka, kila diwani anawasilisha taarifa ya kata yake, na hapo utasikia kuhusu choo cha shule moja ambacho Bunge haliwezi kamwe kukijua.

Na hapa ndipo ninapoona faida ya mbunge aliyewahi kuwa diwani. Chukua hicho choo cha shule. Kinaanza kutajwa kwenye mkutano wa mtaa, kinapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo diwani ndiye mwenyekiti na mtendaji wa kata ndiye katibu. Kutoka hapo kinaingia kwenye bajeti ya halmashauri, kinapitishwa na baraza, kinakwenda mkoani, kinafika TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa, kisha kinajificha ndani ya vitabu vikubwa vinavyojadiliwa bungeni kati ya Aprili na Juni. Mwaka mpya wa fedha ukianza Julai mosi, bado fedha zinaweza kuchelewa kuja. Mbunge aliyetokea kwenye biashara au ofisi kubwa anaweza kuuliza swali zuri sana bungeni, waziri akamjibu kwamba halmashauri itenge fedha kwenye mapato ya ndani, naye akakaa chini ameridhika. Aliyekuwa meya anajua mapato hayo ya ndani yalivyo, na swali lake la nyongeza litamfuata waziri hapo hapo.

Stendi ya Ngangamfumuni ni mfano unaowauma wakazi wa Moshi. Ni mradi wa manispaa, lakini ni mkubwa kuliko ushuru wa masoko, kwa hiyo ulitegemea fedha za miradi ya kimkakati kutoka Serikali Kuu, na ujenzi wake ukasuasua kwa miaka. Baraza lilijua linachotaka, ila fungu lilikuwa kwingine. Mradi wa namna hiyo unahitaji watu wawili wanaozungumza, meya hapa na mbunge kule, na wakiwa hawaelewani mwananchi ndiye anayeendelea kusubiri basi juani.

Njia hii ya kutokea halmashauri haikuanza juzi wala haikuanza na vyama vingi. Edward Moringe Sokoine, mtoto wa Monduli aliyesoma sekondari Umbwe, huku kwetu Moshi, alifanya kazi ya utendaji katika wilaya ya Masai kabla ya kuchaguliwa mbunge mwaka 1965. Huo ulikuwa uchaguzi wa chama kimoja, wagombea wawili wa TANU wakitambulika kwa alama za jembe na nyumba. Sokoine hakuwa diwani wa kuchaguliwa, alikuwa mtumishi, lakini alifika bungeni akiwa amezijua shida za wafugaji kwa kuzishughulikia. Miaka 12 baadaye akawa Waziri Mkuu.

Basi kama una jambo, anza kwa kujua ni la nani. Taka zisizozolewa na ushuru wa kibanda ni vya diwani na halmashauri. Barabara ya mtaa ni ya TARURA, na bajeti yake hupita bungeni, hivyo mbunge anahusika moja kwa moja. Mikutano ya baraza la madiwani iko wazi kwa wananchi. Uliza ofisi ya mtendaji wa kata tarehe ya kikao kijacho, nenda ukakae, na uangalie kama mbunge wako amekuja.