Worsaae na yule malkia wa kinamasi ambaye kumbe hakuwa malkia

Huku makumbusho hazipiti siku nyingi bila mtu kuja na mfuko wa rambo, ndani kuna kigae, au shanga, au kipande cha chuma chenye kutu, anakibwaga mezani anauliza hiki cha mwaka gani. Sisi kabla hata ya kukishika tunamuuliza ulikitoa wapi, kilikuwa chini kiasi gani, na pembeni yake kulikuwa na nini? Wengine wananuna, wanaona kama wako kituo cha polisi. Ila hilo swali la tatu aliyelipa uzito mkubwa mwanzo mwanzoni ni Mdenmark mmoja anaitwa Jens Jacob Asmussen Worsaae, kazaliwa mwaka 1821 katika mji wa Vejle, Jutland, ile rasi kubwa ya Denmark.

Jutland kumejaa vilima vidogo ambavyo ni makaburi ya kale, na Worsaae tangu yuko shule alikuwa anavichimba, akawa na mkusanyiko wake mwenyewe wa vitu. Akaenda Copenhagen kusoma, lakini masomo yenyewe hayakumshika sana, muda mwingi yuko makumbusho kwa mzee Christian Jürgensen Thomsen anamsaidia bure.

Huyu Thomsen naye si mtu wa kupita hivi hivi. Mtoto wa mfanyabiashara, digrii hana, na mwaka 1816 alipewa kazi ya kupanga lundo la vitu vya kale vilivyokuwa vimerundikwa kwenye dari la kanisa la Trinitatis. Akavipanga: vya mawe huku, vya shaba nyeusi (shaba iliyochanganywa na bati) huku, vya chuma kule, na mwaka 1819 akafungulia watu waje waone, wakulima nao wanaingia na yeye mwenyewe anawatembeza. Zile zama za mawe na zama za chuma tulizokaririshwa shuleni zinatokana na mpango wake huo, aliouchapisha mwaka 1836 (hiyo ya shaba nyeusi huku kwetu haikutukaa, maana sehemu kubwa ya kusini mwa Sahara watu walitoka kwenye mawe wakaingia kwenye chuma moja kwa moja).

Sasa kijana Worsaae baba yake kashafariki, pesa hana, akamwomba mzee Thomsen amlipe kidogo. Mzee akagoma. Wakaachana. Mfalme Christian VIII ndiye akamshika mkono, na mwaka 1843 Worsaae akatoa kitabu chake kuhusu Denmark ya kale akiwa na miaka 22. Humo ndio kuna lile jambo kubwa: vitu vikikutwa pamoja kaburini, kwa kawaida vilitumika wakati mmoja. Unasikia kama kitu cha wazi tu ee? Lakini fikiria, Thomsen alipanga vitu kwenye kabati, Worsaae akaenda kuhakikisha ardhini. Unafungua kaburi unakuta upanga wa shaba nyeusi, pembeni pini ya shaba nyeusi, chuma hamna hata chembe, unafungua lingine hivyo hivyo, na lingine, hapo huna haja ya kubahatisha tena, ni udongo wenyewe unakwambia vilienda pamoja. Ukiung'oa ule upanga peke yake ukaupeleka sokoni ushaua habari yote.

Na alikuwa mbishi kwelikweli. Kule Runamo, Blekinge, Sweden, kuna mwamba wenye michirizi, na msomi mkubwa Finnur Magnússon alishausoma akasema ni maandishi ya kale, shairi kuhusu vita vya Bråvalla, akatoa na kitabu kinene mwaka 1841. Worsaae akaenda mwenyewe, akainama akaangalia, mwaka 1844 akatangaza kwamba ile ni mipasuko ya jiwe tu. Herufi hata moja hamna. Mimi huwa namwonea huruma Finnur, maana shairi zima alilitoa kichwani bila kujua.

Kabla ya hapo kulikuwa na lingine la nyumbani kwao kabisa. Mwaka 1835 watu wanachimba kinamasi cha Haraldskær, karibu na Vejle, wakakuta mwili wa mwanamke, ngozi iko vizuri, umebanwa chini kwa miti. Wasomi wakakumbuka hadithi ya kale kwamba Malkia Gunhild wa Norway alizamishwa kinamasini kwa amri ya mfalme Harald wa Denmark, basi ndio huyo! Mfalme Frederik VI akatoa jeneza la mwaloni, mwili ukawekwa kanisani Vejle. Mwaka 1842 Worsaae, ana miaka 21, anasema si malkia, huyu ni wa zamani zaidi ya hapo. Mabishano yakawa makali, maana nani anataka kuambiwa mfalme kanunulia jeneza mtu asiyejulikana.

Yeye akaendelea na mambo mengine. Mwaka 1850 pale Meilgaard, huko huko Jutland, walikuwa wanachota makombe ya chaza ya kujengea barabara, akaona ndani kuna vifaa vya mawe, makaa, mifupa, akasema hili ni jaa la watu waliokuwa wanakula hapa, bahari haijaleta kitu. Akafundisha Chuo Kikuu cha Copenhagen, Thomsen alipofariki mwaka 1865 akarithi makumbusho ya yule yule mzee aliyemnyima mshahara, mpaka uwaziri alipata 1874. Alifariki mwaka 1885, na ishu ya malkia haijapata kipimo.

Kipimo kikaja mwaka 1977, kile cha kaboni cha kujua umri wa vitu vya kale, kikaonyesha yule mama alikufa karibu mwaka 490 kabla ya Kristo, yaani zaidi ya miaka 1,400 kabla ya Gunhild. Jina lake hakuna anayelijua. Hawakumtoa lakini, bado kalala kanisani Vejle, kwenye jeneza la mfalme.