Mzigo wa bandari ya Dar: maneno ya daladalani na mambo yalivyo

"Makontena yote haya ni ya Kariakoo!" Foleni ikikaza Barabara ya Mandela, hukosi abiria wa daladala wa kusema hivyo. Kariakoo inaonewa. Sehemu kubwa ya mzigo huo ni wa transiti: unashushwa gatini, unapigwa sili na kuondoka kwenda Zambia, Kongo, Malawi, Rwanda, Burundi au Uganda bila kuuzwa hapa hata kipande. Salfa inapanda kwenda kwenye migodi, ambako hutengenezwa asidi ya kuchenjulia madini. Shaba inashuka kuja kupanda meli. Hata gari lililotumika kutoka Japani likishuka melini, mara nyingi dereva wa IT, yaani wa magari yanayopita tu kwenda nchi jirani, hulishika usukani na kulipeleka mwenyewe hadi Tunduma, mpakani na Zambia, zaidi ya kilomita 900.

Kuna wanaosema SGR, ile reli mpya ya kisasa, ikikamilika malori basi. Hapa watu wanachanganya reli. Dar ina reli tatu, na kila moja ina upana wake. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, ina milimita 1,000. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China ili Zambia ipate njia ya baharini isiyopita kwa makaburu, ina 1,067. SGR ina 1,435. Behewa la moja haliingii kwenye nyingine. Pale Kidatu, Reli ya Kati inapokutana na TAZARA, mzigo hushushwa huku ukapakiwa kule: muda unakwenda na gharama inaongezeka. Na SGR yenyewe inaelekea Dodoma, kisha Mwanza na Kigoma. Tunduma haiko njiani. Itawafaa sana Warundi na Wanyarwanda. Shaba ya Copperbelt, eneo la migodi la Zambia, bado itategemea TAZARA na lami, na TAZARA kwa miaka mingi imekuwa hoi, ndiyo maana mzigo wake ukahamia kwenye malori.

"Bandari imeuzwa"? Mkataba wa Oktoba 2023 na DP World, kampuni ya Dubai, ni wa kuendesha baadhi ya magati kwa miaka 30. Mwenye bandari bado ni TPA, mamlaka ya bandari ya serikali. Mtu anaweza kuupinga mkataba huo kwa hoja nzuri tu, lakini si kwa kuuita mauzo.

Jingine: eti bomba la mafuta la Uganda linakuja Dar. Lile linaishia Chongoleani, Tanga. Dar ina lake tangu 1968, TAZAMA, kilomita 1,710 hadi Ndola, Zambia. Wakazi wengi wa jiji hawana habari nalo, labda kwa kuwa halipigi honi. Lilizoea kubeba mafuta ghafi. Tangu 2023 linapitisha dizeli iliyokwisha safishwa.