Afya ya Akili Katika Zahanati: Jinsi Watumishi Wanavyofunzwa na Mambo Wananchi Wanayoyakosea

Kila Siku ya Afya ya Akili Duniani, Oktoba 10, inapokaribia, lalamiko lilelile hutufikia: kwa nini mgonjwa wetu ahudumiwe na tabibu au muuguzi wa zahanati badala ya kupelekwa Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili iliyoko Dodoma? Wagonjwa wengi wa akili hawahitaji kulazwa Mirembe. Mwenye sonona (huzuni nzito isiyoisha), mwenye kifafa kinachodhibitika kwa dawa, au aliyetoka hospitali akiwa ametulia, hupata nafuu kwa kutunzwa karibu na kwao, mradi anayempokea amefunzwa na anaendelea kusimamiwa. Sharti hilo la pili ndilo husahaulika, hata miongoni mwetu watendaji.

Mafunzo hufuata mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani, mpango ulioanza mwaka 2008 kwa ajili ya watumishi wasio mabingwa. Darasa lenyewe huchukua takriban siku 5, na sehemu kubwa si mihadhara. Watumishi hukaa watatu watatu: mmoja mgonjwa, mmoja mtoa huduma, mmoja mtazamaji mwenye karatasi ya kukagua. Mtazamaji huangalia kama mwenzake amesalimia, amefunga mlango, amesikiliza bila kukatiza, na hasa kama amehubiri. "Mshukuru Mungu, wapo wenye shida kuliko wewe" ni kosa, na mtumishi atarudia zoezi mpaka aliache.

Ugumu wa kwanza ni kumtambua mgonjwa. Mtu haji zahanati akasema ana sonona. Anasema kichwa kinamgonga, mwili unawaka moto, moyo unakwenda mbio, hapati usingizi, ana mawazo. Akipimwa malaria mara tatu na majibu yakawa safi, mtumishi aliyefunzwa huuliza mengine: je, kwa wiki 2 zilizopita amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda? Hojaji ya PHQ-9, inayopima dalili za sonona, ina maswali 9, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27. Alama 10 na kuendelea humtaka mtumishi achunguze zaidi, lakini si hukumu. Kabla ya dawa lazima aangalie upungufu wa damu na maradhi mengine ya mwili, na aulize kama mgonjwa amewahi kupata vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, asilale wala asichoke. Dawa ya sonona peke yake inaweza kumrudisha mtu wa namna hiyo katika hali hiyo.

Swali la 9 la hojaji hiyo linahusu fikra za kujiua au kujidhuru. Ndugu hutukasirikia kwa nini tunaliuliza. Eti tunampa mgonjwa wazo. Hapana. Kuuliza hakupandi wazo, na aliyekuwa nalo mara nyingi hupumua anapoulizwa. Jibu likiwa "ndiyo", mtumishi huuliza kuhusu mpango na nyenzo, hamwachi mgonjwa peke yake, na huwaagiza ndugu waondoe sumu za shambani, kamba na dawa nyumbani.

Kwenye dawa ndiko mafunzo huharibikia. Amitriptilini, dawa ya sonona, huanzwa kwa miligramu 25 usiku, kisha mtumishi huipandisha taratibu, kwa mtu mzima asiye na maradhi mengine, hadi miligramu 100 au 150. Tunachokikuta vituoni ni mgonjwa aliyebaki kwenye 25 kwa miezi, akalala vizuri lakini sonona ikabaki palepale, kisha yeye na jirani zake wakahitimisha kwamba dawa za hospitali hazifanyi kazi. Mgonjwa asijiongezee mwenyewe: dawa hii ikizidi huua, na ndiyo maana mwenye fikra za kujiua hupewa ya siku chache tu, ikashikwa na ndugu.

Haloperidoli nayo, dawa ya wanaosikia au kuona yasiyokuwepo, katika siku za mwanzo huweza kukaza shingo ikapinda au kugeuza macho juu. Familia isiyoonywa husema mashetani yamepanda, na dawa hutupwa. Hayo ni madhara ya dawa, yana tiba, rudini kituoni siku hiyohiyo. Fenobabitoni ya kifafa haiachwi ghafla hata kama mgonjwa ana miezi bila kuanguka, kwani degedege huweza kurudi mfululizo. Degedege linalopita dakika 5 ni dharura.

Fenobabitoni na diazepamu (dawa ya kutuliza) ni dawa zinazodhibitiwa. Hukaa kwenye kabati lenye kufuli, ufunguo kwa mtumishi wa zamu, na kila utoaji huandikwa tarehe, jina la mgonjwa, kiasi, salio na saini. Salio lisipolingana, mtumishi huandika maelezo, na hatua za nidhamu huweza kufuata hata kama kilichopotea ni kidonge kimoja. Basi msimlazimishe awape "za kulalia" bila kumpima.

Siri ya mgonjwa ni hivyohivyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na mtu anayezitoa kinyume cha sheria anakabiliwa na faini ya kuanzia shilingi 100,000 hadi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Mwenyekiti wa kitongoji akija kuuliza "yule ana nini?", jibu sahihi ni ukimya.

Kwa waganga wafawidhi, yaani wakuu wa vituo: wapelekeni mafunzoni watu 2 kutoka kila kituo, wale wanaokaa chumba cha wagonjwa wa nje, si yule ambaye zamu yake ya posho imefika. Mmoja akihamishwa, huduma inabaki. Baada ya darasa, mratibu wa wilaya awatembelee, akae nao wakiwaona wagonjwa, apitie mafaili. Na wagonjwa waandikwe kwenye madaftari ya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya. Kituo kisichoonyesha matumizi hakiwezi kutetea oda yake Bohari ya Dawa. Dawa zikikatika miezi miwili, wagonjwa waliotulia huanza kurudi wamefungwa kamba.

Kuhusu kamba: mfungueni mgonjwa kabla ya kuingia kituoni, na mwambieni mtumishi mlangoni kama amekuwa mkali. Njooni na ndugu anayeishi naye, kadi za zamani, na dawa zote anazotumia, za mitishamba zikiwemo.