Mng'ao huo ni wa aktini, au ni wa alama?

Wanafunzi hapa Mtwara huniletea picha mbili za hadubini, moja inawaka kijani, nyingine imefifia, na swali lenyewe limeshabeba jibu: "Mwalimu, si hii ndiyo yenye aktini nyingi?" Aktini ni protini inayojipanga kuwa nyuzi ndani ya seli, nyuzi zinazoipa seli umbo na mwendo. Mara nyingi picha hizo zimetumwa kwa WhatsApp. Hapo tunaishia kabla hatujaanza, maana WhatsApp inabana picha, na picha iliyobanwa usiipime mwanga. Vuteni faili halisi, hata kama ni kusubiri bando la usiku.

Turudi kwenye swali. Aktini yenyewe haing'ai. Uzi wake mmoja una unene wa nanomita 7 hivi, ilhali hadubini ya kawaida ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana kuliko nanomita 200. Mstari unaouona ndani ya seli mara nyingi ni tita la nyuzi, tena unauona kwa sababu ya alama, yaani kitu kinachong'aa kilichonata juu yake. Mvuvi wa Mikindani akitazama jarife lake kutoka mtumbwini haoni nyavu, anaona maboya. Na akifunga maboya kupita kiasi, jarife halikai tena kama lilivyokusudiwa.

Alama ya zamani inayoaminika ni faloidini, sumu ya uyoga uitwao Amanita phalloides, iliyofungwa rangi inayong'aa. Inashika nyuzi barabara, lakini haipenyi kirahisi kwenye seli hai, na ikishanata inazuia uzi usifumuke. Iacheni kwa seli zilizokwisha kuhifadhiwa kwa fomalini.

Njia nyingine ni kuiunganisha aktini na GFP, protini ya yavuyavu inayong'aa kijani, ambayo Osamu Shimomura aliitenga mwaka 1962. Tatizo ni mzigo: aktini ina asidi amino (vipande vinavyojenga protini) 375, GFP ina 238. Formini, protini zinazojenga nyuzi ndefu, huikwepa aktini iliyobebeshwa hivyo, kwa hiyo baadhi ya nyuzi hubaki gizani.

Ndiyo maana Lifeact ilipotangazwa mwaka 2008 ilipokewa kwa shangwe. Ni kipande cha asidi amino 17 tu, kutoka protini ya hamira, kinachoshika aktini kikiwa kimeunganishwa na protini inayong'aa. Mimi naipenda, ila siiamini peke yake. Inashika pia aktini ambayo haijawa uzi, hivyo seli nzima hupata ukungu. Haizioni vizuri nyuzi zilizofunikwa na kofilini, protini inayozikatakata. Na ikizidi, umbo na mwendo wa seli hubadilika.

Mtego mkubwa uko kwenye kupima kasi ya nyuzi kujijenga upya. Tunaunguza mng'ao wa eneo dogo kwa leza, kisha tunaangalia mwanga unarudi baada ya muda gani. Kwenye ukingo wa mbele wa seli inayotambaa, aktini yenye GFP hurudi kwa makumi ya sekunde, kwa kuwa ni lazima nyuzi zenyewe zijengwe upya. Lifeact hurudi chini ya sekunde. Aktini haijakimbia, ni Lifeact inayoshika na kuachia. Grafu inapendeza, namba ni sahihi, lakini ni namba ya kitu kingine kabisa.

Kwa hiyo nachagua seli zenye mwanga hafifu, si zile zinazowaka. Naondoa mwanga wa usuli (ule usiotoka kwenye seli), natupa picha ambazo pikseli zake zimefika kikomo cha mwanga zinaoweza kurekodi, kisha nalinganisha na seli zisizo na alama, zilizohifadhiwa na kupakwa faloidini. Zikitofautiana, alama ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Huku kwetu kusini malaria haijatuachia, basi lazima atokee wa kuuliza kuhusu aktini ya kimelea chake. Nyuzi za Plasmodium ni fupi mno, nanomita 100 hivi, zinafumuka upesi, na faloidini haizishiki vizuri. Kutoziona hakukumaanisha hazipo. Zilianza kuonekana katika kimelea hai kwa kromobodi, yaani kipande cha kingamwili cha wanyama wa jamii ya ngamia kilichounganishwa na protini inayong'aa. Ilitumika kwanza kwa binamu yake, Toxoplasma, ikaonyesha mtandao wa nyuzi unaounganisha vimelea ndani ya seli moja. Hata hiyo haipewi msamaha: kabla ya kupima chochote, hakikisha kimelea chenye alama kinazaliana na kuvamia chembe nyekundu za damu sawasawa na kisicho nayo.