Mbegu mpya na shamba la bwasa: yanayosemwa na yalivyo

Hapa Bukavu, ukimtaja mkulima wa Kabare au Walungu aliyekataa mbegu ya kisasa, jibu linakuja mbio: "Huyo ni kichwa nguvu."

Uliza kwanza analima shamba la nani. Huku Bushi, nchi ya Washi yenye Kabare na Walungu, aliyetoa kalinzi (malipo ya kimila kwa chifu ili apewe ardhi) ana haki ya kudumu na watoto wake watarithi. Mwenye bwasa amekodi kwa muda mfupi, na kwa desturi haruhusiwi kupanda kahawa, migomba wala miti. Sasa mpelekee maharage yanayotambaa juu ya vijiti. Ni mazuri kweli: kwenye kashamba kadogo yanazaa kuliko yale mafupi. Lakini vijiti atavitoa wapi, naye hana ruhusa ya kupanda hata mti mmoja? Atanunua. Samadi anayomwaga leo, huenda mwenye shamba ndiye atakayekula faida yake mwaka ujao. Mimi namwona mtu anayejua kupiga hesabu.

Eti mbegu bora lazima inunuliwe kila msimu? Kwa mahindi chotara, ndiyo. Maharage hujichavusha yenyewe, kwa hiyo ukichagua punje safi utazipanda misimu kadhaa. (Wauzaji hawana haraka ya kukuambia.)

Wala teknolojia si lazima itoke dukani. Mnyauko wa migomba, ulioonekana Masisi, Kivu Kaskazini, mwaka 2001, ulipambanwa kwanza kwa kung'oa shina pamoja na machipukizi yake yote: kazi nzito, na nyumba inabaki bila ndizi wala kasiksi, pombe ya ndizi. Siku hizi unakata mgomba mgonjwa peke yake, chini kabisa, panga unalipitisha motoni, na ua la dume unalivunja kwa kijiti chenye panda.

Dhana inayopendwa kuliko zote ni kwamba mavuno yakiongezeka, maisha yanapanda. Mwaka 1958 mchumi wa Marekani, Willard Cochrane, alionyesha kuwa wanaotangulia kutumia mbinu mpya hufaidi. Wengi wakifuata, bei inashuka, na waliochelewa wanalazimika kuiga ili wasizame. Maharage yakimiminika kwa pamoja soko la Kadutu hapa Bukavu, anayefurahi ni mnunuzi wa mjini. Mifuko isiyopitisha hewa huua wadudu bila dawa, hivyo mtu anaweza kungoja bei ipande, mradi asiwe ameshakopa pesa ya shule ya watoto akitegemea mavuno hayo hayo.