Maswali na majibu: Nani hulipia chanjo za watoto nchi inapopanda kipato?

Swali: Mtwara na Lindi mtoto huchanjwa bure. Kuna haja gani ya kuzungumzia malipo?

Jibu: Mzazi halipi, lakini kila dozi imenunuliwa. Pentavalenti, ambayo mtoto huipata akiwa na wiki 6, 10 na 14 ili kumkinga na dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina B na maambukizi ya Hib (bakteria wanaosababisha nimonia na homa ya uti wa mgongo kwa watoto), hununuliwa kwa fedha za Serikali pamoja na mchango wa Gavi, ushirika wa kimataifa wa chanjo ulioanzishwa mwaka 2000.

Swali: Kupanda kipato kunabadilisha nini?

Jibu: Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia iliiweka Tanzania katika kundi la nchi za kipato cha kati cha chini. Kwa utaratibu wa Gavi, wastani wa pato la kila mwananchi unapoongezeka, sehemu inayolipwa na nchi huongezeka pia, hatua kwa hatua, mpaka nchi ijilipie yote. Ni utaratibu wa haki, ingawa wastani wa taifa hausemi lolote kuhusu kipato cha mama wa Liwale au Nanyumbu, na ndiyo maana bajeti ya chanjo haipaswi kuguswa fedha zinapopungua.

Swali: Ikiwa fedha imo katika bajeti, chanjo zinaishaje?

Jibu: Mara nyingi tatizo ni muda. Mwaka wa fedha huanza Julai na fedha hutolewa kwa awamu, ilhali oda ya chanjo hutakiwa kuwekwa na kulipiwa mapema. Mkulima wa korosho analielewa jambo hili vizuri: salfa, dawa ya kuzuia ukungu, huhitajika mikorosho inapochanua, na fedha ya mnada huja miezi kadhaa baadaye.

Kwa sababu hiyo, mwaka 1991 UNICEF ilianzisha mfuko wa mzunguko wa kuzisaidia nchi kujitegemea kwa chanjo, ukianza na nchi za visiwa vya Pasifiki. Mfuko hutanguliza malipo, shehena husafirishwa, kisha serikali hurejesha fedha bila riba, na fedha hiyo hiyo huihudumia nchi nyingine. Siku hizi hutumika pia kwa mahitaji mengine ya watoto, kikiwamo chakula dawa cha wenye utapiamlo mkali. Huu si msaada wa kugawiwa: nchi ikichelewa kurejesha, watoto wa nchi nyingine ndio wanaosubiri.

Swali: Kwa nini kila nchi isinunue yenyewe kiwandani?

Jibu: Kwa sababu ya bei. Nchi yenye oda ndogo, iliyokwisha kuvuka kiwango cha kusaidiwa na Gavi, inaweza kutozwa zaidi kuliko zinazonunua kwa pamoja. Nchi za Amerika ya Kilatini na Karibi zina mfuko wao wa pamoja tangu mwaka 1977.

Swali: Sisi wazazi na viongozi wa vijiji tunahusikaje?

Jibu: Tuitazame chupa ya chanjo ya surua na rubella yenye dozi 10. Ni unga mkavu; muuguzi akishauchanganya na kimiminika chake, chanjo hudumu saa 6 tu, na inayobaki hutupwa hata kama ni watoto watatu pekee waliokuja. Mama anayefika siku aliyoandikiwa kwenye kadi ya kliniki, mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18, anamlinda mwanawe na anapunguza upotevu wa chanjo iliyogharamiwa na umma.

Diwani naye aulize katika baraza la halmashauri kama jokofu la zahanati linashika nyuzi 2 hadi 8, na kama chombo cha kufuata chanjo wilayani kimetengewa mafuta. Bila hayo, dozi iliyokwisha kulipiwa huharibikia hapa hapa kwetu.

Swali: Nikiambiwa chanjo imekwisha?

Jibu: Omba uandikiwe tarehe nyingine, na urudi. Mtoto aliyechelewa haanzi ratiba upya. Huendelea pale alipoishia.